Ndoo ya Alfajiri

Kocha Mbarouk, ulisema mwenyewe barazani,
tasbihi mkononi, filimbi shingoni,
kwamba nguvu ya mwanamme ni mafuta ya kibatari:
ukiwasha usiku, asubuhi huna.
Ukawakusanya vijana kumi na wanane
ukawalaza skuli, darasa la tano,
majamvi chini, ubao wa hesabu juu ya vichwa vyao.
Ukaweka na mlinzi, Khatoro, mwenye kikohozi.

Na sisi ukatwambia, kwa adabu, kupitia kwa mkeo:
siku tatu tu, mabinti, ioneeni timu huruma.

Nusu fainali ilikuwa Jumapili.
Jumamosi usiku Khatoro alikohoa mpaka akalala,
mlango wangu wa uani ukakwaruza.
Sikuuliza nani. Harufu ya dawa ya kuchulia naijua.
Shaame alisimama pale, soksi za mpira mkononi,
akasema amekuja kubadilisha soksi.

Soksi zilibadilishwa.

Kilichobaki ni ndoo.
Hawezi mtu kusimama safu ya alfajiri na janaba mwilini,
lazima akoge, na kisima cha mtaa wetu wa Tumbe
hakijui kunong'ona: kapi ikilia
majirani wanahesabu ndoo mmoja mmoja,
na wewe, Kocha, ni ukuta wa pili.
Nikatumia maji ya mtungi.
Nilimmiminia kwa kata, polepole, begani,
yateremke mgongoni yasianguke kwa kishindo,
na sote wawili tumeuma pindo moja la kanga
tusicheke.

Jioni, Gombani, akatia mawili.
La pili alitoka nalo nusu yetu,
mbio za mtu aliyeibiwa na mwizi anamuona.
Ukamkumbatia, ukawageukia watu:
"Mnaona? Haya ndiyo matunda ya kujizuia."
Shaame akaangalia viatu vyake.
Mimi jukwaani nikafunga mtandio upya.

Fainali alikaa kambini usiku zote tatu.
Mbu, kikohozi, ubao wa hesabu.
Dakika ya sabini akapewa penalti,
akaipeleka barabarani, ikagonga gari ya mchanga.

Sisemi ni kwa sababu alilala peke yake.
Mara moja na mara moja hazijawa hesabu,
hata ule ubao wa darasa la tano unalijua hilo.
Nilimuuliza Nesi Ruzuna pale kituoni,
kwa niaba ya rafiki yangu mmoja.
Akasema mambo yale, kwa mwili,
ni kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili na kushuka.
Kinachommaliza mchezaji ni kukesha.
Akaandika kwenye kadi ya mtoto: alale mapema.
Sijui alimkusudia nani.

Ila kuna jambo, Kocha, hukuliuliza.
Jumapili ile ya mabao mawili
bamvua ilikupwa saa nne.
Nilikuwa ndani ya maji, magotini,
nafunga mbegu za mwani kwenye kamba,
kisha nikabeba magunia mabichi kichwani
mara saba, mpaka kwenye chanja,
ndipo nikapanda gari kuja kuwashangilia.
Usiku ulikuwa ule ule. Ngazi zile zile.
Hakuna aliyenilaza skuli kuyahifadhi magoti yangu,
wala aliyesimama ufukweni na daftari
aandike kama leo Mwanakombo amepungua.
Ni mkwe wangu tu, Bi Time, aliyeziona nywele zangu
zimeloa na bahari sijaigusa.
Akanipokonya gunia la nane, akasema,
"Wewe leo una mbio."

Nasikia ligi ikianza unataka siku tano.
Weka, Kocha. Weka hata saba.
Jana nimekwenda kisimani na kopo la mafuta ya cherehani,
nimeipaka ile kapi.